Posa ya Mwalimu wa Theluji

Sanyuanli, Guangzhou,
Uchina.
18 Januari, 2025.

Mpendwa binti yangu Leokadia,

Amani ya Bwana iwe nawe huko milimani Ulaya. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba kile kikohozi ulichomweleza Mumbua kwenye simu kimekwisha. Mimi sijambo kwa kadiri ya umri wangu. Magoti hunung'unika asubuhi, yakishapata chai hutulia. Geofrey na mkewe hawajambo pia. Ofisi yao ya kusafirisha mizigo kule Xiaobei imejaa maboksi mpaka mlangoni, maana Wachina wanakaribia mwaka wao mpya na kila mfanyabiashara anataka mzigo wake utangulie.

Niwie radhi kwa kulizungukazunguka jambo lenyewe. Ni kwa sababu naona haya.

Siku tisa zilizopita nilimjibu Robert barua yake ya posa. Nilimkatalia, na kwa desturi yetu nikairudisha posa yenyewe pamoja na jibu langu, ili asibaki na shaka. Sijui kama imewafikia. Kama bado, nakusihi, ikifika msiifungue. Kama mmekwisha kuifungua, basi soma hii mpaka mwisho, kisha umsomee na yeye.

Sababu yangu ilikuwa hii. Katika mstari wa nne Robert aliandika kwamba kazi yake ni kuwafundisha watu kuteleza kwenye theluji. Niliishia hapo. Nilijiuliza ni mtu mzima gani anayelipwa kwa kuteleza, na theluji ikiyeyuka atakulisha nini. Tangu mdogo wangu, marehemu baba yako, alipotutoka, neno la mwisho juu yako limebaki kwangu, nami niliogopa kukukabidhi kwa mtu wa michezo.

Mumbua ndiye aliyenizindua, jibu likiwa limekwisha kwenda. Unamjua mke wa kaka yako, hamung'unyi maneno. Alikuwa akimenya viazi.

"Baba, kwani ulifundisha shule miaka mingapi?"

"Thelathini na sita."

"Na ulikuwa unafelisha mtoto kabla hajaingia kwa mtihani?"

Geofrey alikimbilia roshani kumalizia kicheko chake. Mimi sikucheka. Juzi Mumbua akanichukua kwa treni mpaka Huadu, ambako Wachina wamejenga jumba kubwa lenye mlima wa theluji ndani yake. Nje watu walikuwa na mashati mepesi. Ndani tulipewa makoti mazito, na viatu vigumu kama mguu uliofungwa plasta.

Leokadia, nimekulia Kibosho. Theluji ya Kibo nimeiona tangu utoto, na nimeichora ubaoni kwa chaki mwaka baada ya mwaka, nikiwaeleza watoto habari zake kama mtu anayezijua. Kumbe sikuwahi kuigusa. Nimeigusa juzi, nikiwa na miaka sabini na minane. Inalia chini ya kiatu kama wanga mkavu unapoubana kwa vidole. Naomba radhi kwa nitakalolisema: niliilamba. Haina ladha yoyote. Mumbua alinipiga picha, nami nimemkataza kuisambaza.

Kijana wa pale alinifunga zile mbao ndefu miguuni, akanishika mikono yote miwili. Kisha akaugeuzia mteremko mgongo wake, akaanza kushuka kinyumenyume mbele yangu. "Man, man, laoban," alikuwa akisema, yaani polepole, tajiri. Hapa kila mteja huitwa tajiri, hata mwalimu mstaafu. Mumbua naye akapaza sauti kutoka pembeni, "Kunja magoti, Baba! Kanisani si unayakunja?"

Tulikwenda hatua kama ishirini. Nilianguka mara moja, bila madhara. Lakini kilichonishangaza ni kijana yule. Hakuangalia aendako hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye magoti yangu, na kila yalipotetemeka yeye alijua kabla yangu. Mimi nilifundisha miaka yote ile uso wangu ukiwa ubaoni, watoto nikiwapa mgongo. Nilikaa kwenye benchi kwa muda mrefu nikimtazama akifanya vilevile kwa wengine, na nikaona wazi kwamba hii ni kazi, tena ni kazi yangu mwenyewe, ila imefanywa vizuri zaidi.

Tuliporudi nyumbani nilitamani kuisoma posa tena, nami nilikuwa nimekwisha kuirudisha. Ashukuriwe Geofrey. Katika ofisi yao hakuna karatasi inayotoka kabla haijapigwa picha, iwe ya makontena au ya ndoa. Nikaisoma kwenye simu yake. Mstari wa tisa unasema kwamba majira ya joto Robert huwapandisha ng'ombe wa mama yake kwenye malisho ya juu na kutengeneza jibini. Mstari wa kumi na mbili unaomba radhi kwa kutuma posa bila mshenga, kwa kuwa huko hana mtu wa kwetu wa kumtuma. Nilimfelisha bila kumaliza ukurasa.

Sasa nina maswali mengi, nawe utanisamehe. Je, ni kweli kwamba watu hupandishwa kileleni wakiwa wameketi kwenye viti vinavyoning'inia kwenye waya? Ng'ombe hulala wapi wakati huu wa baridi? Umeniandikia kwamba ziwa huganda na watoto hucheza juu yake. Nani hulipima kwanza? Na huko juu kichwa hakiwaumi, kama kinavyowauma wapagazi wetu wa Kibo?

Haya yote nataka anijibu Robert mwenyewe, kwa mkono wake. Kuhusu mshenga, Mumbua amejitolea kuhama upande wetu kwa muda na kumsemea. Amekwisha kuanza, na kusema kweli hanyamazi.

Kwa kuwa posta ni ya taratibu, Geofrey ataipiga picha barua hii na kukutumia leo, ikimbilie mbele ya ile nyingine. Yenyewe itafuata, maana jambo nililolikataa kwa karatasi sina budi kulikubali kwa karatasi. Posa nimeipokea.

Mama yako nimempigia simu Kibosho. Alipiga vigelegele, kisha akanigombeza kwa haki kabisa. Dada yako Domina, aliye pamoja naye, anakusalimu, pamoja na Geofrey na mshenga wenu. Mungu awalinde nyote wawili katika miteremko hiyo, awape mwendo mwema na nyumba yenye joto.

Msalimu Robert. Mwambie asiniandikie tena "Mheshimiwa". Kuanzia leo aniite Baba Mkubwa.

Ni mimi nikupendaye, na ninayekuomba msamaha,

Baba yako mkubwa,
Humphrey Kimaryo