Marahaba ya Bibi wa Miaka Kumi na Sita

Greenbelt, Maryland

Mjukuu wangu Neema,

Hili sijamwambia mtu: kwenye simu huwa nakusikia vizuri ukisema, "Shikamoo Bibi," halafu nanyamaza. Mama husingizia mtandao. Huku hatujambo, na Baba amepona mafua. Umeuliza kama nimekukasirikia. Hapana. Bibi yako ni dada yangu mkubwa kwa baba, kwa hiyo nami ni bibi yako, lakini nina miaka kumi na sita na Kiswahili changu huchekwa.

Krismasi tulitembelea mji mdogo wa kale huko Uskoti. Kwenye ngazi za mawe zilizojaa barafu, babu mmoja wa pale alinishika mkono nisiteleze. Nikamwamkia bila kufikiri, "Shikamoo!"

Mama akacheka. "We Asha, huyo Mskoti, atajuaje?"

Mzee akavua kofia, akainama, akajibu, "Shikamoo!" Alikosea kabisa, nami nikafurahi siku nzima. Angenyamaza, ningejificha ndani ya koti.

Nasikia hatua za Mama zikija mlangoni. Kila akipita nilikuwa nafunika karatasi hii kwa daftari. Sasa naiacha wazi. Nitamwomba akupigie, unisikie mwenyewe: marahaba, mjukuu wangu.

Bibi Asha