Salamu Zilifika, Neno Likabaki Beni

Mama Florentine, mshauri wetu wa gazetini, jambo kwako na kwa wote wa nyumba yako. Natumaini baridi ya juma hili haikukuletea kikohozi kama ilivyoniletea mimi, na kwamba watoto wanasoma, na kwamba mvua imefika huko kwenu bila kuharibu kitu, maana hapa Butembo imenyesha mpaka maharage ya jirani yamelala chini. Mimi ni mzee, nilikuwa mwalimu wa hesabu, leo miguu imevimba na daktari ameacha kuniambia "ukipona", anasema tu "ukipumzika". Basi nakuomba unijibu kabla sijapumzika.

Miaka ishirini na zaidi iliyopita, wakati wa vita, wanajeshi walipofunga barabara ya Beni na hata mwenye kwenda kuzika hakupita, ofisi moja ya kanisa iliniita pamoja na mwenzangu Esdras tuweke kompyuta mbili, yake Beni na yangu Butembo, zilizounganishwa kwa antena, ili watu warekodi sauti upande mmoja na jamaa zao wasikilize upande mwingine. Sauti zote zilitunzwa katika mashine ya Butembo. Mashine ya namna hiyo, kila unapoiomba ipokee kitu, ina kipimo: ombi likizidi ukubwa fulani, inalikataa, na kipimo anakiweka mwenye kuitunza, yaani mimi. Nilikiweka kidogo, kwa sababu antena ilikuwa dhaifu na sauti moja ndefu ingeziba njia kwa wote waliokuwa kwenye foleni. Lakini watu walipolalamika kwamba sauti ndefu zinakataliwa nzima nzima, nilipanga mashine ya Beni itume sehemu ya kwanza inayotosha kipimo, na sehemu ya mwisho ibaki Beni. Nilijiambia kwamba mwenye neno hulisema mwanzoni. Ndivyo nilivyofundisha maisha yangu yote, barua ianze na "Objet", yaani jambo lenyewe, mengine yafuate. Mimi, Munande kwa kabila, niliyelelewa na mama asiyeweza kukuomba chumvi kabla hajauliza hali ya mbuzi wako, nilisahau jinsi watu wangu wanavyosema.

Wengi walipokea salamu tupu, wakacheka wakisema antena inapenda salamu, na barabara ilipofunguka walionana wakamaliziana maneno. Mmoja hakupata nafasi hiyo, naye ni mke wa mwanangu.

Mwanangu Lusenge alikuwa amemchumbia Séphora, aliyekuwa akisoma hapa. Mama yake, Débora, alikuwa amekimbia vita kutoka Kalunguta akajificha Beni. Mbuzi zetu za mahari alikuwa ameshaletewa kabla njia haijafungwa, likabaki neno lake tu, maana kwetu mbuzi si kitu mpaka mama aseme "nimepokea". Sauti yake ilipofika tuliketi wote kusikiliza. Alimsalimu Séphora, akauliza masomo, akauliza lile jino lililokuwa likimuuma, akamsalimu mwanangu, akanisalimia mimi, kisha kimya. Kwetu, mama akikusalimu vizuri namna hiyo bila kutaja mbuzi, amekataa kwa heshima. Séphora alilia. Mimi nilishuku siku ile ile, nikamwita Esdras kwa fonii, ile redio ya kuitana, akaniambia wanajeshi wanapora na mashine ameifukia. Nikanyamaza, nikisema nitamwambia nikiwa na hakika. Débora akafa kwa homa kabla barabara haijafunguka, na Séphora akaolewa na mwanangu akijua kwamba mama yake hakumpa neno.

Sasa mwezi huu Esdras, akihama nyumba kwa sababu ya usalama mbaya kule Beni, ameifungua mashine ile, aliyoifukua vita vilipoisha ikakaa tu stoo, kabla ya kuitupa, na zile sehemu za mwisho zimo zote. Ameniletea ya Débora katika simu yangu. Inaanzia pale tulipokatiwa: "...na baba yake Lusenge naye, nimemusalimia. Sasa mambo yenyewe. Séphora, zile mbuzi nimepokea. Lusenge ni mutu muzuri, miye nimekubali. Hapana kuogopa, uende. Na ukizala binti, siku yake ukae mu kiti yangu, uongee na kinywa yangu. Wasingya." Yaani asante, kwa Kinande.

Mama Florentine, siku niliyoisikia nililala bila dawa, kwa furaha. Alikubali! Lakini simu ile bado iko chini ya mto wangu. Mjukuu wangu Christa, binti wa Séphora, ataolewa hivi karibuni, na Séphora amekataa kukaa kiti cha mama na kusema neno juu ya mbuzi. Juzi alikuwa ananikanda miguu, nikamwambia, "Siku ya Christa utaongea."

Akacheka. "Papa, nitaongea na kinywa ya nani? Muite shangazi yake Mariette. Miye nitapika sombe. Sombe hapana kuulizaka mutu kama alipewa baraka."

Nilitaka kumwambia, nikaomba maji. Yeye ndiye ananilisha, ananiosha, ananiita Papa. Nimpe sauti ile ajue kwamba alilia miaka yote hii kwa sababu yangu, au nimwambie Esdras aifute, nife nikiwa bado mtu mwema machoni pake?

Baba Kahongya, Butembo

JIBU

Baba Kahongya, jambo lenyewe kwanza: mpe simu hiyo leo. Salamu nitakupa baadaye.

Barua yako, kama ningeikata kwa kipimo chako mwenyewe, ningejua tu kwamba una kikohozi na kwamba maharage ya jirani yamelala. Umeona?

Kuweka kipimo si dhambi, baba. Antena ilikuwa dhaifu na watu walikuwa wengi, na aliyefunga barabara si wewe. Kuwakata watu mwisho wa maneno yao lilikuwa kosa la mwalimu, na hilo Mungu amelisikia tangu zamani. Lakini tangu Esdras alipokuletea sauti hiyo, kati yako na Séphora hakuna mwanajeshi wala antena. Kuna mto wa kulalia tu. Unaogopa kupoteza mkono unaokulisha uji, na kwa ajili ya uji huo unamnyima mtoto maneno ya mama yake. Aibu, baba! Na hiyo habari ya kufuta nisiisikie tena. Sauti ile si yako wala ya Esdras, ina mwenyewe.

Fanya hivi. Muite mchana, pamoja na Lusenge. Usimweleze mashine, usimfundishe hesabu. Mpe simu aishike mwenyewe, asikilize mpaka mwisho, na akitaka kurudia, arudie. Kisha umwambie kwa maneno machache: "Nilipanga ikatwe. Nilishuku. Nikanyamaza." Halafu ufunge mdomo. Usiombe msamaha hapo hapo, maana mtu mgonjwa akiomba, nani atamkatalia? Mwache alie, mwache akukasirikie, ana haki. Akikosa kukuletea uji siku moja, Lusenge ana mikono.

Na Esdras asitupe kitu. Majina ya wote waliobakiza maneno Beni yasomwe kanisani, Katoliki na Protestanti, kila mmoja aje asikilize ya kwake.

Wewe umefurahi kusikia Débora alikubali. Mpe na mwenye furaha hiyo.

Wasomaji wangu, jibu hili nilimpelekea mzee kwa mkono, maana ugonjwa haungoji gazeti. Limenirudia pamoja na ruhusa ya kulichapa, na karatasi iliyoandikwa na Séphora mwenyewe. Mstari wa kwanza unasema: "Nitakaa mu kiti." Wa pili: "Papa nilimukanda miguu jana na nguvu kidogo kupita siku zote, akalia kama mutoto, sasa tumemalizana."

Kisha zikafuata salamu, ukurasa mzima na nyuma yake. Nimezisoma zote.