Fatouma Ananiomba Gato, na Mi Naogopa

Yaya Simone,

Mi ni Benita, naikala Makomeno, hapa Lubumbashi, naomba unisaidie juu roho yangu imepumua lakini akili ingali inahangaika, na bwana yangu Zéphirin amechoka kunisikia kila asubui. Mi napikaka gato, ni kusema keki, na kuuzisha. Mwaka jana Mama Claudine, jirani yetu, aliniingiza mu grupe ya WhatsApp ya bamama ba Makomeno, kule banasaidiana, maji imekatika, mutoto ana homa, muntu anatafuta fundi, na mi niliingia na foto ya gato, asubui foto, mangaribi foto, sikusalimia muntu, hata siku mama moja alitangaza kilio ya kaka yake mwenye alikufa, mi nikatupa foto ya gato ya pinki chini ya maneno yake bila kusoma. Mama Claudine njo alinipigia, akasema polepole, "Benita, hapa bantu habakujui. Unaingia mu nyumba yabo na kitunga ya kuuzisha ku kichwa, hata jambo hausemi." Nikaona haya, nikamuomba yule mama musamaha, nikaacha foto yote, nikabakia nasoma tu, na mu kusoma njo nilianza kujua bantu, huyu mutoto wake anaumwa sikio, yule bati ya nyumba yake inavuja, nikaanza kuuliza habari yabo.

Mwezi uliopita nilikuwa ku Mokambo, pa mupaka, kuchukua unga, nikasoma Fatouma ameandika mu grupe kama mama yake, Mama Alima, alitoka Zambia tangu jana na telefone yake haiiti, mwenye iko Mokambo amutafutie, amefunga kitambala ya kijani ku kichwa. Huyu Fatouma nilimujua jina tu, uso hapana. Nikaacha unga kwa mwenye duka, nikaanza kuuliza bashofere mumoja mumoja, nikamukuta yule mama ameketi pembeni ya magari, na kitambala yake ya kijani, mutulivu sana, bameiba mufuko yake na telefone ndani, na alikuwa anaona haya kuomba hata maji. Nikamuambia, "Mama, Fatouma anakutafuta." Akanishika mukono, hakuniachia. Nikamupigia Fatouma, nikamupa mama telefone, na pale tu, kusikia sauti ya mutoto wake, njo akalia. Tulikula, akasali, nikarudia unga yangu, tukapanda gari moja mpaka Lubumbashi, na mu njia yote sikuwaza gato hata kidogo. Fatouma alinikumbatia pa mulango mpaka pumzi ikanipotea, na tangu ile siku mu grupe banasema "Benita wetu".

Sasa juzi Fatouma ananiambia, "Dada, ndogo yangu anaolewa, na mama anakatala gato ya muntu mwingine." Nikamujibu nitawaza. Zéphirin anasema, "Mungu amekufungulia mulango, rudisha foto yako yote." Mi naogopa, Yaya. Bamama batasema nilimuokota mama ya muntu juu ya kuuzisha. Na nikikatala, hii kazi njo inalisha batoto yangu. Nifanye nini?

Benita, Makomeno

---

Benita,

Asante kwa ile mama. Sasa sikia.

Mama Claudine hakukukataza kupika. Alikukatisha kelele, juu ulikuwa unatangazia gato bantu benye haukujua hata jina, mpaka pa kilio yabo. Leo unabajua na banakujua. Kama ungemutajia Mama Alima bei ya gato mu gari, ningekugombeza hapa mbele ya bote. Haukumutajia. Kama alijua unapika, nazani ni ule unga mulipanda nao mu gari njo ulimuambia.

Mwenye ninagombeza leo ni weye, yule wa "nitawaza". Fatouma ameomba na kinywa yake mwenyewe, juu ya furaha ya nyumba yabo, na weye unamuachia jibu ya muntu wa ofisi. Unaona ni adabu. Yeye iko kwake anajiuliza alikukosea wapi.

Mupigie leo. Usiandike, piga. Muambie unakubali, na muambie bei yako ya kila siku: ukifanya bure utamufunga na deni ya aibu, ukiongeza utamuuzisha safari ya mama yake. Zéphirin umuheshimu, lakini foto usirudishe. Bamama batakula ile gato na meno yabo. Mwenye atakuuliza mu grupe, mujibu pembeni, yeye peke yake. Siku ukitaka kuonyesha kazi yako kwa bote, omba Mama Claudine ruhusa kwanza. Na habari ya bantu usiache kuuliza, hata mwezi wenye hakuna komande, hakuna mwenye anaagiza gato.

Bale batasema, baseme. Mama Alima iko muzima, anajua kujibu.

---

Jibu hii nilimutumia Benita mbele ya kuichapa hapa mu gazeti. Mangaribi akaniandikia:

"Yaya, nilimupigia. Nikamuambia nakubali, nikamutajia bei yangu. Kisha akasema, 'Benita, mi nilizani umetuchoka.' Nikamuambia yote, hata woga yangu, tukacheka mpaka batoto bakakuja kuangalia. Mama Alima akamunyanganya telefone. Asema anataka gato ya limau, na siku ya arusi nisijifiche ku jikoni, niikale pembeni yake, pa fasi ya familia."