Sufuria ya Pili ya Maembe

Koboko, Jumatano asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu za mwanao, ambaye hapa mtaani bado anaitwa bibi harusi. Umeamkaje? Goti limekubali dawa? Mdogo wangu Nadine anakusaidia dukani au anajitazama kwenye kioo tu? Sisi ni wazima. Kwa kuwa simu yako bado iko kwa fundi, nakuandikia, na Dany ataileta barua hii Arua leo kwa pikipiki yake.

Mama, ndoa ni tamu. Yakani akirudi kazini huniita tangu barabarani, majirani wote wasikie. Akinywa chai hunishika mkono kana kwamba nitaruka. Nilitaka kumpa kitu kitamu kama yeye, ndipo nikapika siagi ya maembe uliyonifundisha: maembe yaliyoiva sana, ndimu, tangawizi, mdalasini na karafuu, moto mdogo, mwiko usipumzike mpaka yawe mazito ya kupaka mkate. Wifi yangu Night Poni alinicheka, akauliza ni siagi gani isiyomjua ng'ombe. Lakini mwiko aliulamba yeye.

Sufuria hiyo ilikuwa ndogo, kama unavyosema siku zote. Kisha nikataka sifa. Nikaazima sufuria kubwa ya sherehe, nikamwaga maembe ya beseni zima. Chini yakaanza kuungua, juu bado majimaji. Ndimu zilikuwa zimekwisha. Nikaepua mapema, nikajaza chupa kubwa, nikafunga vifuniko bila kumwambia mtu.

Jana tulimpelekea mama mkwe chupa moja. Kifuniko kilikuwa kimevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Niliona, Mama, nikajidanganya kwamba si kitu. Yakani alipofungua, chupa ilitoa pumzi na povu likapanda. Nyumbani kwao mke mgeni akileta chakula, yeye au mumewe huonja kwanza, ili wazee wale bila wasiwasi. Nilisita kushika kijiko, basi Yakani akachota kwa niaba yangu, akisema iko tamu hata kabla ya kuonja. Nilikipiga kile kijiko, kikaanguka.

 Shangazi yake Yakani, Driciru, akauliza nimetia nini mle ndani. Unajua mtu akishaitwa mwenye sumu, jina hilo halioshwi kwa sabuni. Nikaeleza yote huku nalia. Mama mkwe alikitazama kijiko pale chini, akamwambia Driciru anyamaze, kwa maana anayetaka kuua hazuii kijiko kufika mdomoni. Akaenda mwenyewe kuimwaga ile siagi chooni, akarudi akaniuliza kama sisi Wakongo sote hupikia jeshi zima katika sufuria moja. Nikacheka na machozi yangu.

Nilidhani nitafunga barua hapa. Lakini sasa hivi Yakani ameingia, ameuliza kama umesifu zawadi yako. Mama, nilikuwa nimekutengea kichupa cha ile sufuria ya kwanza, iliyoiva vizuri. Juzi nilipokuwa sokoni, Yakani ndiye aliyemkabidhi Dany mzigo wako. Anasema aliona aibu: mama mkwe wake, yaani wewe, hapelekewi kichupa cha kujaza kiganja, watu wa Arua wangesema binti yao ameolewa na bahili. Akakuchagulia chupa kubwa kuliko zote. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na sasa amekaa mlangoni, hawezi kunitazama.

Usiifungue. Nadine asilambe hata kifuniko. Kama mmeonja, msingoje tumbo liume, nendeni hospitali na Dany mara hii, hata kama mnajiona wazima. Nimempigia jirani yako Patricia, simu inaita tu. Dany nimemwambia pia kwa mdomo, asisimame popote njiani. Naandika mbio, nisamehe mwandiko.

Mama mkwe anakusalimu, Night Poni vilevile, na Yakani anapiga magoti. Mpe Dany jibu, hata neno moja, uliandike wewe mwenyewe ili niujue mkono wako. Nitamngojea barabarani.

Mwanao akupendaye,
Kavira