Kumfundisha Ndiyo Kusoma Watu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemchukua binti yangu kituo cha polisi. Miaka kumi na saba, mrefu kama mlingoti, amekaa kwenye benchi mikono magotini kana kwamba anasubiri daktari wa meno. Kosa lake ni kushika begi. Stendi mwanamke asiyemjua alimwambia, nishikie hapa kidogo, nakuja. Akashika. Mwanamke hakurudi. Ndani simu za wizi tupu. Polisi walipomtaka alitoe, akawaambia si lao, mwenyewe anakuja.

Askari wa zamu, mtu mzima, alimwamini. Akaniambia taratibu: mama, mfundishe huyu kuwajua watu, mwingine asingemwamini.

Mtaa mzima unamwita Ndiyo, maana hajawahi kumkatalia mtu. Nililichukua kama jina la mapenzi. Leo limenichoma.

Njiani nikamuuliza, hukuona yule mwanamke alivyokuwa anageuka geuka? Nimeona, akasema. Lakini alisema anakuja.

Jumanne, 4 Machi

Shule imeanza. Darasa ni chumba changu cha kushonea: meza, cherehani ya miguu, kioo, pazia la kujaribia nguo. Vitabu ni wateja. Mteja akitoka, maswali mawili — kasema nini? Anataka nini?

Wa kwanza Mama Punguza. Tunamwita hivyo kwa sababu kila kitu kwake kipunguzwe: kiuno, mikono, bei. Kaingia eti anapita tu, anisalimie. Kakaa. Kauliza habari za mgongo wangu, mgongo ambao haujamhusu tangu azaliwe. Macho rafuni. Kaondoka.

"Kasema nini?"

"Amekuja kukusalimia."

"Anataka nini?"

"Kukusalimia."

Nikamvuta polepole. Macho yake yalikuwa wapi? Rafuni. Rafuni kuna nini? Gauni lake, halijakatwa. Haya, basi? Akafikiri mpaka nikamwonea huruma.

"Basi kwa nini asiseme gauni?"

Nikamwambia moyo wa mtu ni kichaka, na kikulacho ki nguoni mwako. Jioni nikamkuta amegeuza magauni mawili ya watu ndani nje, anakagua mishono. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, ila nadhani alicheka kwa kuwa mimi nacheka.

Ijumaa, 7 Machi

Anashika. Polepole, lakini anashika. Walikuja wachumba wawili kuchagua kitambaa. Walipotoka, hata sikuuliza. "Yule dada amesema rangi nzuri," akasema, "lakini alikishika mbali na mwili. Hakipendi. Alikuwa anamwangalia mwenzake kwanza ndipo anajibu." Mimi sikuliona hilo. Nilikuwa napima.

Jambo la pili silipendi. Ng'ambo ya ua, kwenye chumba alichohama kinyozi, ameingia mpiga picha. Mtu wa makamo, anaishi peke yake, jicho la kushoto analifumba hata akiwa hana kamera. Nimempa jina Jicho Moja. Alileta mfuko wa kamera nishone zipu. Akamtazama Ndiyo anavyopanga vitambaa kwa rangi, kisha: "Dada, huyu binti ana jicho. Mruhusu aje mchana nimfundishe kazi. Bure."

Bure. Neno hilo likinigusa nywele husimama. Nani anatoa kitu bure siku hizi? Hata jua lina gharama, waulize waliokosa kivuli.

Ndiyo, bila shaka, alisema ndiyo.

Jumapili, 9 Machi

Nimemruhusu kwa masharti. Mlango wazi. Pazia limefungwa kando. Mimi napita wakati wowote — na nimepita. Mara na kikombe cha chai, mara kuuliza kama zipu inashika. Hakuna kitu. Mlango wazi kweli. Yeye kwenye stuli, Ndiyo mbali naye, wameinamia picha.

Nikamuuliza muuza mkaa wa kona, anayejua habari za kila nyumba. Anasema huyo bwana hajakosana na mtu. Sasa mtu asiyekosana na mtu ana nini? Mimi nimekosana na nusu ya mtaa na nia yangu ni safi.

Ndiyo aliporudi nikamkalisha. Kasema nini? "Nishike kamera kwa mikono miwili." Anataka nini? "Isianguke. Anayo moja tu."

Akaniita nikazione picha za kule. Anko anazo za harusi nyingi, anasema. Si anko wako, nikamwambia.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimeelewa wanachofanya kule. Jicho Moja anampa picha za watu asiowajua, sura moja moja, na kumwacha azitazame anavyotaka. Hakuna anayemharakisha. Ndiyo anasema watu wakiongea uso unabadilika kabla hajamaliza kuusoma. Kwenye picha uso unamsubiri.

Mwaka wa kumi na saba huu nakaa naye, sijawahi kujua kwamba tatizo lilikuwa haraka.

Kisha akatoa picha aliyoipiga mwenyewe. Ni mimi, mlangoni pangu, siku Jicho Moja alipokuja kuchukua mfuko. "Hapa ulikuwa unamwambia karibu," akasema. Akaweka kidole chini ya mdomo wangu. "Huku karibu." Akakipandisha kwenye macho. "Huku toka."

Nikamwambia akaoshe vyombo.

Nimeificha picha chini ya godoro. Sijui kwa nini. Nina uso mbaya sana pale, uso wa mtu anayenyang'anywa kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefanya jambo. Ndiyo alikuwa ameenda kununua uzi. Nikavuka ua, nikamwambia Jicho Moja kwamba binti yangu ana kifafa. Hana. Hajawahi hata kuzimia. Nikasema zile taa zako kali zinaweza kumwangusha, na akianguka hapa utaeleza nini?

Nilitegemea aogope. Kila mtu huogopa. Angesema basi, dada, abaki nyumbani tu, yakaisha, na mimi nikabaki mwema.

Akaweka kitambaa chake cha kufutia lenzi mezani. Akauliza: "Ikimtokea, nimlaze ubavu gani?"

Nikasema wa kushoto. Sijui hata kama ndivyo.

Sasa niambie, mtu mwenye nia safi angeuliza hivyo? Mwenye nia safi angeogopa kesi. Huyu ana lake. Nimezunguka nalo mchana kutwa na bado silioni.

Jumamosi, 15 Machi

Ndiyo amerudi mapema. Hakukaa kwenye kiti chake, alisimama karibu na kioo.

"Amehamisha meza ya vioo," akasema. "Ameweka mto sakafuni. Taa kubwa haiwashi nikiwepo. Kila saa ananiuliza kama najisikia vizuri."

"Kasema nini?" Limenitoka kwa mazoea.

"Hajasema kitu. Kuna mtu amemwambia mimi mgonjwa. Na juzi nilipotoka dukani na uzi, nilikuona unatoka kwake."

Nikachukua kitambaa nikakikunja. Nilikuwa nimeshakikunja.

"Ulitaka nini, Mama?"

"Kukulinda, mwanangu. Dunia unaijua? Kituo cha polisi umesahau?"

Akanitazama kama anavyotazama zile picha, bila haraka, kuanzia paji la uso kushuka. Nilitamani kugeuka, sikuweza.

"Hiyo ni nusu," akasema. Akatoka.

Yuko nje sasa hivi, chini ya dirisha langu, kwenye kibaraza, na Jicho Moja amekaa pembeni yake. Nasikia sauti, maneno siyapati. Ndiyo atakuwa anamwambia kwamba hana kifafa. Au Jicho Moja ndiye anamwambia jambo juu yangu. Mtu ukimkamata kwa uongo mmoja unaweza kumfanya lolote. Atataka nini kwangu? Nimesimamisha cherehani nisikie vizuri.

Wamenyamaza.

Kisha binti yangu, kwa sauti yake ya kila siku: "Mama ameacha kushona. Anasikiliza."

Nimerudisha mguu. Nakanyaga, gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka, na kitambaa hakuna — mkono mmoja unaandika haya. Ndiyo amekulia chini ya meza hii. Atakuwa anaijua sauti ya cherehani inayoshona hewa.

Benchi la kibarazani limelia. Mmoja wao amesimama. Nyayo zinakuja mlangoni, na sijui ni za nani.