Mjomba wa Kawangware

Jumamosi, 8 Februari

Baba amerudi kutoka Kawangware saa kumi. Hata chai hajaonja. Ameketi kitandani, kalamu mkononi, akawa jopo la mahojiano. Ni wiki ya tatu sasa. Mimi natoka nje, nabisha hodi, naingia, nasalimia, naketi kwenye kigoda. Anauliza kwa Kiingereza cha polepole. Kwa nini uuguzi. Kwa nini wewe na si mwingine. Nani amekufikisha hapa. Hilo la mwisho ndilo analipenda. Jibu langu ni yeye, na kila nikilitoa anajifanya anaandika kitu.

Mama amesema jopo gani hili lenye soksi za matundu. Tumecheka.

Chuo kina nafasi chache za kusomeshwa bure miaka yote. Nikikosa, hakuna njia nyingine. Mama anafulia watu mtaa wa Nyayo Highrise. Baba ni keyateka, mtunza ploti ya wapangaji Kawangware, analala huko huko wiki nzima kando ya tangi la maji. Nitaanza kufua na Mama, basi.

Jumapili, 9 Februari

Kabla ya kuondoka Baba amenipa kalamu yake ya mfukoni. Ndiyo anayotumia kutilia alama orodha ya wapangaji walioosha choo. Amesema nisije nikaenda kuomba kalamu ya watu. Mwandiko wake na kalamu ndivyo vitu anavyoringia.

Jumanne, 11 Februari

Nimefanya jambo baya.

Tulikuwa kumi na wanne kwenye benchi, tukingoja mahojiano. Aliyeketi karibu nami ni msichana wa Kawangware, anaitwa Wanjiru. Analelewa na nyanya yake. Akaniuliza, "Story yako ni gani?" Nikamuuliza story ya nini. Akasema, "Hapa bila story huendi mahali, dada." Yeye hana baba wala mama. Aliyekuwa mbele yake pia. Wa kwanza kabisa alitoka macho mekundu, na mlango ulipofunguka niliona mmoja wa jopo akijifuta kwa leso.

Nikahesabu vyangu. Baba mzima. Mama mzima. Wote wanafanya kazi. Nilijiona kama mtu asiyeumwa chochote aliyepanga foleni zahanati.

Wakauliza uuguzi, nikajibu. Wakauliza kwa nini mimi, nikajibu. Kisha lile swali. Nikafungua mdomo nikasema Mama. Nikasema Baba alifariki nikiwa darasa la sita.

Sikuwa nimepanga. Limetoka laini, kwa Kiingereza kile kile alichonifundisha. Yule mama wa katikati akasema pole sana. Nikalia, machozi ya kweli kabisa. Kalamu ya Baba ilikuwa mkononi mwangu.

Jioni Baba amepiga simu. Ameuliza kama lile swali liliulizwa. Ndiyo. "Ulijibu vile tulikubaliana?" Ndiyo.

Jumatano, 12 Februari

Sijala. Mama anadhani ni wasiwasi wa matokeo. Mimi ni mtu mchafu.

Jumamosi, 15 Februari

Baba anataka nisimulie upya. Walikuwa wangapi, walivaa nini, walitingisha kichwa wapi. Nimesimulia hadi swali la pili. Nikasema naumwa kichwa. Amenitafutia dawa.

Jumatatu, 24 Februari

Nilikuwa naosha sufuria nikakumbuka. Fomu ya maombi niliijaza mwezi uliopita, kabla ya mambo haya yote. Nambari ya simu ya mzazi: niliweka ya Baba. Ya Mama huzima kila mara.

Nimekimbia hadi saiba ya Olympic, pale nilipojazia fomu kwa intaneti. Kijana wa pale ameangalia, akasema fomu ilifungwa, hakuna kubadilisha. Nimeketi kwenye ngazi za duka lake mpaka akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 1 Machi

Baba amefika mapema, saa sita. Amechukua mtungi, akasema twende tuteke maji. Yeye huwa hateki maji siku yake ya kupumzika. Nikajua.

Kwenye foleni ya mfereji, bila kuniangalia, amesema: "Wale watu walipiga jana. Wanatafuta nambari ya mama mjane. Nikauliza mjane gani. Akataja jina yako."

Nikausukuma mtungi mbele kwa mguu.

"Nimewaambia mimi ni mjomba yako. Wanakuja Alhamisi kuona nyumba."

Basi. Hakuuliza kwa nini. Zamu yetu ilipofika akajaza mtungi, akafunga mfuniko vizuri, akaubeba mwenyewe. Nilitamani anipige kofi. Kofi ningejua nilifanyie nini.

Jumapili, 2 Machi

Mama amejua. Baba ndiye aliyemwambia, nikiwa kanisani. Niliporudi nilimkuta Mama amekaa sakafuni, mikono mapajani. Amesema kwao kando ya ziwa mtu hatangazi kifo cha mtu anayepumua, kwa sababu maneno hayo yakishatoka hakuna anayejua kuyarudisha. Amemwambia Baba twende ofisini chuoni kesho, nikaseme ukweli. Baba amesema nikisema ukweli nimekwisha, hawatachukua mwongo kuwashika wagonjwa.

Kisha akaanza kufungasha. Koti la harusi. Viatu vya kanisani. Wembe na kioo. Picha yao wawili ukutani ameitoa, akaifunga ndani ya shati lake. Msumari umebaki. Amemwambia Mama atundike kalenda hapo.

Nimesimama tu. Nilikuwa na siku nzima ya kusema hapana, na sikusema. Nataka ile nafasi. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kukiri. Bado naitaka.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja mama mmoja na faili. Mpole. Alipita mitaro ya mtaa wetu wa Raila bila kushika pua. Ameangalia kitanda, jiko, paa. Alimshika Mama mkono kwa mikono miwili akampa pole. Mama akasema asante. Ndilo neno pekee alilosema muda wote.

Chini ya kitanda kulikuwa na sandali moja ya Baba, imesahaulika. Kubwa. Yule mama aliiona. Nikasema ni ya mjomba, hulala hapa akija kututembelea. Akatabasamu, akasema ameongea naye, ni mtu mwema. Akaandika.

Alipoondoka Mama alichukua karai akaenda kazini. Amepita mbele yangu kama anapita mlango.

Jumamosi, 15 Machi

Baba hajaja. Ametuma ujumbe kwamba tangi linavuja, fundi anamsubiri. Jumamosi iliyopita pia lilivuja.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepata.

Simu imelia saa nne asubuhi. Miaka yote, bweni, vitabu. Nimesema asante mara nyingi sana. Kisha nimekaa.

Mchana ujumbe kutoka kwa Wanjiru, yule wa benchi; tulipeana nambari siku ile. "Nimekosa. Nyanya analia kuliko mimi. Wewe?" Nimeusoma mara tano. Sijamjibu. Nimeweka simu chini ya mto kana kwamba itanyamaza vizuri zaidi huko.

Mama amerudi, nimemwambia. Amenishika uso, akasema, "Umesoma kwa bidii. Hiyo si uongo." Kisha amegeuka akawasha jiko.

Jumapili, 30 Machi

Baba amekuja. Amefurahi kweli, si kwa kujifanya, na hilo ndilo linaniua. Amechukua fomu za kuripoti chuoni ili akazijaze, kwa kuwa mwandiko wake ndio mzuri nyumbani. Nimempa bila kufikiria. Nilikuwa nafikiria sanduku na shuka.

Picha hajairudisha. Nimemuuliza. Amesema iko salama Kawangware.

Jumapili, 6 Aprili

Ameleta fomu, ndani ya bahasha mpya.

Nimezipitia akiwa nje anaongea na jirani. Jina langu kwa herufi kubwa. Shule. Mlezi, jina la Mama. Mtu wa kupigiwa simu kukitokea dharura, nambari yake, na mbele yake ameandika mjomba. Chini zaidi, jina la baba. Ameandika majina yake yote matatu, kwa utaratibu. Halafu kuna visanduku viwili, hai na marehemu.

Ametia alama kwenye marehemu. Ni alama safi, imenyooka, ile ile anayomtilia mpangaji aliyeosha choo.

Alipoingia nimemuuliza kama amekula. Amesema bado. Nimesonga ugali, nikakaanga omena na nyanya nyingi, anavyopenda. Nimemmiminia maji ya kunawa. Tumekula watatu, Mama akalalamika chumvi imezidi.

Bahasha iko chini ya godoro. Kalamu yake ninayo bado, na sijabadilisha kitu.