Yaya Masika, Dawa Waliiweka Wapi?

Beni, tarehe 14, mwezi wa kumi, 2001

Yaya,

Dada yangu mkubwa, ni miezi minane tangu tutoke Butembo, mimi na mtoto wako, na ni mwaka na kitu tangu tukuzike Kipese. Muhindo yuko hai. Ninaanza na hilo ili usihangaike kama mimi. Anakula, anaongea, jana alimtania mama anayetuuzia uji. Lakini alibaki kidogo tu akufuate, na ndiyo sababu ninakuandikia. Nina swali, na mtu wa kulijibu ni wewe peke yako.

Siwezi kukaa mahali pamoja. Nimeanza barua hii nimeketi juu ya tofali, nikasimama, nikaenda mpaka barabarani kuona kama kuna gari linalopanda Butembo, nikarudi. Hakuna, barabara imefungwa. Unisamehe maandishi, shule yangu unajua iliishia wapi.

Unakumbuka tulivyokuwa tunapita sokoni, siku zile sina kazi na wewe unanipa mkoba wako nikubebee? Biro ya mtaa, ile ofisi yao, ilikupa kazi ya usafi, uangalie dawa za kuua wadudu zisikae pamoja na chakula. Ukiingia dukani ulinusa kabla ya kusalimu. Siku moja ulikuta unga wa dawa ya nyanya umewekwa juu ya gunia la chumvi, ukamwambia mwenye duka, "Dawa ilale peke yake, chumvi ilale peke yake. Hazijaoana." Akakujibu, "Basi Mama Masika, utufungishie ndoa." Ulicheka mpaka ukashika ukuta, lakini hukutoka mpaka dawa imetoka.

Na kila mara ulituma neno siku moja mbele kwamba unakuja. Nilikuuliza kwa nini uwaonye. Ulinijibu na hasira kidogo, "Mimi hapana musoda. Basoda ndio banaingia mu nyumba ya batu bila kupiga hodi." Wakati ule askari wa kila upande walikuwa wanaingia walivyotaka, mlango wa mtu ulikuwa kama hauko. Wewe ulitaka serikali, hata hii ndogo ya mtaa, iwe na adabu. Nilikupenda kwa hilo. Bado ninakupenda kwa hilo, na ndilo linaloninyima usingizi.

Huku Beni tulipata kazi kwenye depo ya mfanyabiashara mmoja, kupakia na kupakua magari. Mchele, maharagi, chumvi, na kutoka ng'ambo ya mpaka, mabido, yaani madumu, ya dawa ya kahawa na katoni za unga wa kuua wadudu. Vyote chumba kimoja. Joto la hapa hulijui, wewe mtu wa baridi. Mabati yakichemka, ile harufu inakukaba koo. Sisi wabebaji tulikuwa wanne, na tulilala chumba cha nyuma, kwenye mikeka.

Mwezi wa tano ikaja habari kwamba mtu wa usafi wa mji atapita kesho. Wakubwa wa mji walikuwa wamebadilika tena, na huyu alikuwa mpya. Aliyeleta habari alisema chef, yaani huyo mkubwa wa usafi, hapendi kushtua watu nyumbani kwao. Nilifurahi, Yaya. Nilimwambia Muhindo, "Huyu alisomea kwa mama yako."

Patron, yule tajiri mwenye depo, akatuita. "Bile bya kunuka byote, mupeleke kule nyuma kwenu." Tukabeba wenyewe, mikono mitupu. Kesho yake mtu wa usafi akaja na shati lake jeupe, akakuta sakafu imefagiwa, mchele huku, chumvi kule. Akampa patron mkono, akaenda zake. Depo ilikuwa safi.

Dawa hazikurudi. Patron alisema chef atapita tena, donc, basi, ya nini kubeba mara mbili? Muhindo akapanga mabido yakawa kama ukuta, akatundika shati lake juu. Aliniambia, "Mujomba, unaona? Hata mende moja hapana. Bazungu banalalaka hivi." Tulicheka wote wanne.

Muhindo ilimwanza na kichwa. Nani hapa haumwi kichwa? Kisha jasho, kisha mate yakawa yanamtoka bila yeye kutaka, na miguu ikawa inaruka yenyewe. Nilimfungua jicho, ile nyeusi ya katikati ilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Tukampakia kwenye pikipiki katikati yetu mpaka kituo cha afya. Wakasema malaria, kama wanavyosema kwa kila mtu. Halafu muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akainama akanusa shati lake. Akaniuliza, "Huyu analala na nini?" Hakuuliza analala wapi. Aliuliza na nini. Wakamvua, wakamwosha na sabuni mwili mzima, wakamdunga sindano, wakamdunga tena. Mimi nilikuwa nje ninazunguka jengo kama mbuzi aliyefungwa. Nilikuwa ninakuita, sijui kama ulisikia.

Alipofungua macho vizuri nilienda kwenye biro ya mtu wa usafi. Si mtu mbaya. Alinipa kiti, akasikiliza. Kisha akasema, "Kazi yangu ni depo. Fasi batu banalala, hiyo hapana iko mu kazi yangu." Nikamwomba aje ghafla, asitume mtu. Aliniangalia kama wewe ulivyoniangalia siku ile, akanipa neno lako karibu lote: yeye si askari, haingii kwa mtu bila hodi. Niliondoka pale nimechoka na adabu.

Alikuja, na kabla ya kuja alituma mtu. Tukafagia. Alipokuwa anaaga, nikasema mbele ya wote, "Chef, na mimi ninakukaribisha kwangu. Ni hapa nyuma tu." Patron akasema, "Kwako? Tangu lini uko na kwako hapa?" Watu wakacheka. Lakini mtu aliyekaribishwa mbele ya watu anakataaje? Alikuja, akasimama mlangoni, akapiga hodi kwenye chumba kisicho na mtu. Aliona mikeka mitatu kati ya mabido, na wa Muhindo umekunjwa. Akaziba pua na kola ya shati.

"Bitoke leo," akasema.

Patron akamjibu, "Bitoke biende wapi, chef? Unionyeshe nyumba ya dawa mu huu muji."

Na kweli haiko. Mji mzima una nyumba za watu tu. Mwisho tulizipeleka kwenye ghala la zamani la kahawa, nje ya mtaa, lililobaki na mabati nusu. Chef alisimama juani mpaka bido la mwisho likatoka. Mvua ikinyesha sijui itakuwaje kule chini kwenye mashamba. Nilimuuliza, naye hajui. Alipoondoka, patron alitufukuza kazi, mimi na Muhindo.

Sasa swali langu. Wale wa Butembo walipokuambia wameitoa dawa, "Tumeisha kuitosha, mama," waliiweka wapi? Mimi nilikuwa nyuma yako na mkoba. Niliona duka safi kama ulivyoona wewe. Kule nyuma alilala nani? Sikulaumu. Hapana, ninakulaumu kidogo, kisha ninaona haya kumlaumu mtu aliye kaburini, kisha ninasimama tena kwenda barabarani. Ungekuwa hai ungenikasirikia jioni, na asubuhi ungeshakuwa nje unafungulisha milango ya nyuma, mmoja baada ya mwingine. Ninakujua. Ndiyo maana inaniuma.

Mikono ya Muhindo bado inatetemeka, kikombe anakishika kwa yote miwili. Alimwambia yule mama wa uji kwamba anatetemeka kwa sababu ya uzuri wake, akaongezewa uji. Muuguzi amekataza asibebe kitu. Basi ninabeba mimi, hapa na pale, siku kwa siku.

Barabara wanasema itafunguka wiki hii. Wiki iliyopita walisema hivyo pia. Kuna dereva anayeshusha viazi vya kwetu, amekubali kutupandisha. Lori lake nimekwisha kulinusa lote, mpaka chini ya turubai. Butembo tutalala siku moja, nipite kwenye yale maduka, niombe wanionyeshe nyuma. Wakikataa nitarudi kesho yake.

Wewe pumzika, Yaya, huku nimesimama mimi. Noeli tutakuwa Kipese. Sitamleta mtoto wako amebebwa. Ataupanda mlima mpaka kaburini kwako na miguu yake, hata kama itatuchukua asubuhi nzima.

Mdogo wako,
Kambale